Maswali ya Lugha: Turėti, kitenzi cha Walithuania kinachoshika, kinachomiliki na kinacholazimisha

Barua zilizotufikia safari hii zinazunguka kitenzi kimoja, *turėti*, ambacho wanaofanya kazi na wageni kutoka Lithuania hukisikia kutwa nzima. Zilizofanana tumeziunganisha.

Assalaam alaykum. Nawatembeza wageni baharini hapa Nungwi. Walithuania wakizungumza wenyewe kwa wenyewe, *turiu*, *turime*, *neturime* haziwatoki mdomoni. Nimeambiwa maana yake ni "kuwa na". Lakini mgeni alipoyumba chomboni, mwenzake alimpigia kelele *turėkis!* na pale hapakuwa na habari ya kuwa na kitu. Neno hili asili yake nini?
*Mtembeza wageni, Nungwi*

Wa alaykum salaam, kaka. Huyo aliyepiga kelele alisema "jishikilie!", na ndiyo maana ya zamani ya kitenzi chenyewe. *Turėti* kilianza kikiwa "kushika, kushikilia", kisha kikawa "kuwa na". Maana ile ya kwanza haikufa. Imebaki pembeni, kwenye *turėkis* na kwenye *turėklai*, yaani vile vyuma au mbao za kushikia pembezoni mwa ngazi.

Ndugu yake wa karibu ni *tverti*, "kukamata" na pia "kuzungushia ua". Humo mmetoka *tvora*, ua au uzio, na *tvirtas*, imara. Ukiongeza viambishi vya mbele unapata *nutverti*, kudaka kwa ghafla, *ištverti*, kustahimili mpaka mwisho, na *sutverti*, kuumba. Kirusi nacho kina *tvorit'*, kuumba au kutenda, na wanaisimu wengi wanakihesabu kuwa cha ukoo huohuo. Kuzuia kitu kwa mkono, kukizungushia mpaka, kukipa umbo: maana zimepokezana hivyo.

Sasa utauliza *tver-* na *tur-* zinakutana wapi. Msemaji wa Kiswahili hili halimpi taabu. Sisi *mu-ana* tunasema mwana na *ku-enda* tunasema kwenda. U ikikutana na irabu inageuka w. Mzizi wa kale wa Kihindi-Ulaya, ukoo wa lugha nyingi za Ulaya na India, ulikuwa na sauti kama *twer-*. Penye irabu *e*, ile w ilibaki konsonanti, na leo Walithuania wanaiandika na kuitamka *v*: *tver-*. Irabu hiyo ilipodondoka, w ikakosa pa kuegemea ikarudi kuwa u: *tur-*. Halafu kikaongezwa kiambishi *-ė-*, ambacho katika lugha za Kibalti, yaani Kilithuania na ndugu zake wa karibu, mara nyingi huonyesha hali inayodumu. Nasi tunacho cha namna hiyo: kuficha ni tendo, kufichama ni hali, kuganda, kugandama. Kwa hiyo *tverti* ni kukikamata kitu, na *turėti* ni kukaa nacho mkononi.

Majirani wa Lithuania wanathibitisha njia hiyo. Kilatvia, lugha ya Kibalti iliyo hai pamoja na Kilithuania, kina *tvert*, kukamata, na *turēt*, kushika. Lakini Mlatvia akitaka kusema ana kitabu hatumii *turēt* hata kidogo. Husema *man ir grāmata*, neno kwa neno "kwangu kipo kitabu". Kati ya hizo mbili, Kilithuania ndicho kilichokipandisha cheo kitenzi cha mkono kikawa kitenzi cha kumiliki.

Ndiyo maana tunasita kila tunaposikia kwamba Kilithuania ni "lugha kongwe kuliko zote Ulaya". Hakuna lugha hai iliyo kongwe kuliko nyenzake. Ni kweli kimehifadhi mengi: *sūnus*, mwana wa kiume, kwa Kisanskriti, lugha ya kale ya India, ni *sūnus* vilevile. Ila hiki cha kumiliki hakikurithiwa na maana yake. Lugha mama ya Kihindi-Ulaya inaaminika haikuwa na kitenzi cha "kuwa na", na kila tawi lilijitafutia chake. Kijerumani *haben* kinatokana na mzizi wa kukamata, Kihispania *tener* na Kilatini *tenere*, kushika, na Kipolandi *mieć* na kitenzi cha kutwaa. Sisi hatukupita huko: *nina* ni "ni" na "na", yaani niko pamoja na kitu, hatukukikamata.

Mimi ni mwanafunzi hapa Chake Chake, najisomea Kilithuania kwenye simu. Mbona *turi* ni "una", tena ni "ana", tena ni "wana"? Watu wanaelewanaje?
*Mwanafunzi, Chake Chake*

Wakati uliopo unakwenda hivi: *aš turiu* (nina), *tu turi* (una), *jis* au *ji turi* (ana, mwanamme au mwanamke), *mes turime* (tuna), *jūs turite* (mna), *jie* au *jos turi* (wana). Nafsi ya tatu ya Kilithuania haibagui mmoja na wengi katika kitenzi chochote, si hiki tu. Kiwakilishi au jina lililotangulia ndilo linaloonyesha.

Baina ya "una" na "ana" ipo tofauti ambayo maandishi ya kawaida hayaionyeshi, nayo ni mkazo. "Una" ni *turì*, mkazo mwishoni. "Ana" na "wana" ni *tùri*, mkazo mwanzoni. "Nina" ni *turiù*, mwishoni tena. Sisi tumezoea mkazo kukaa silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo ulimi wetu unawasukuma wote kuwa *tùri*. Kumbuka "barabára" ya kupita magari na "barábara" ya sawasawa. Ni jambo lilelile, ila kwa Walithuania limejaa lugha nzima.

Kamusi itakupa maumbo matatu: *turėti, turi, turėjo*. Yahifadhi yote matatu kwa pamoja. La pili linakupa wakati uliopo. La tatu linakupa uliopita: *turėjau, turėjai, turėjo, turėjome, turėjote, turėjo*. La kwanza, ukiondoa *-ti*, linakupa yaliyobaki: *turėsiu*, nitakuwa na, *turėčiau*, ningekuwa na, na *turėdavau*, nilikuwa na mara kwa mara, kila msimu, kila safari. Hili la mwisho ni wakati uliopita wa mazoea. Mzee akikwambia *turėdavome karvę* anasema zamani zile kwao walikuwa wakifuga ng'ombe, si siku moja.

Matamshi: *ė* ni ndefu na ya kubana, karibu na "ee" ya "pekee" lakini midomo imevutwa zaidi. *U* ya *tur-* ni fupi, usiivute.

Nauza viungo Kizimbani. Mgeni alinipa noti kubwa nikamwambia *neturiu grąža*, sina chenji. Akacheka kwa uzuri, akasema *grąžos*. Nilikosea wapi?
*Muuza viungo, Kizimbani*

Bibie, neno lako lilikuwa sahihi, mkia wake ndio haukuwa sahihi. Na hapa ndipo wengi wanapokwama, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Kitu unachokuwa nacho huwa katika umbo la yambwa: *grąža* inakuwa *grąžą*. Ukikanusha, kitu hichohicho kinahamia kwenye umbo la umilikishi, lile tunaloliita "-a": *neturiu grąžos*, kana kwamba unasema "sina cha chenji". Kanuni hii haina msamaha. Ukiweka *ne-* mbele ya kitenzi, yambwa inabadilika.

Tazama mwisho wa jina lilivyo kwenye kamusi. *-as* inakuwa *-ą* ukiwa nacho na *-o* ukiwa huna: *laivas*, chombo, *turiu laivą, neturiu laivo*. *-a* inakuwa *-ą* na *-os*: *knyga*, kitabu, *knygą, knygos*. *-ė* inakuwa *-ę* na *-ės*. *-us* inakuwa *-ų* na *-aus*: *sūnus, sūnų, sūnaus*. *-is* ndiyo yenye mtego: *brolis*, kaka, ni mwanamme, basi *brolį, brolio*, lakini *valtis*, mashua, ni ya kike, basi *valtį, valties*. Huwezi kubahatisha kwa kulitazama jina. Jifunze jinsia yake siku ileile unayojifunza neno.

Vile vikia chini ya *ą, ę, į, ų* zamani viliashiria sauti ya puani. Leo vinarefusha irabu tu. *Knyga* na *knygą* zinatofautiana kama "kupa" na "kupaa", na usipoirefusha mgeni atasikia sentensi isiyo na yambwa.

Sasa limebaki jambo la biashara yako hasa. Ukiwa na kitu kisichohesabika, au kiasi fulani tu cha kitu, umilikishi unaingia hata bila kukanusha. *Turiu cinamono, pipirų, gvazdikėlių*: nina mdalasini, pilipili manga, karafuu, kiasi chake. Ukisema *turiu gvazdikėlius* kwa umbo la yambwa, mnunuzi ataelewa ni karafuu maalumu mlizokwisha kuzitaja, labda zile alizoagiza jana. Mezani kwako pale, umilikishi ndio unaokufaa. Ndiyo sababu pia watu huuliza *ar turite klausimų?*, mna maswali?, na si *klausimus*.

Na usichanganye "nina" na "kuna". Kuna maji? ni *ar yra vandens?* Hakuna umeme ni *nėra elektros*. Hapo *turėti* haimo kabisa, lakini umilikishi wa kukanusha umebaki palepale.

Nawaingiza wageni mitaa ya Mji Mkongwe na vijijini. Nataka kuwaambia kwa adabu wavue viatu, wajifunike mabega. Nimesikia *turėti* hutumika pia kwa "lazima". Inakuwaje neno la "kuwa na" liwe la kulazimisha?
*Kiongozi wa wageni, Malindi*

Ukiweka kitenzi kingine baada yake katika umbo la *-ti*, *turėti* kinakuwa cha wajibu. *Turite nusiauti batus*: mnatakiwa mvue viatu. *Turite palaukti*: hamna budi kusubiri. Uzito wake unatosha msikitini na kwenye foleni. Kwa mabega, tunakushauri ushuke daraja moja utumie *turėtumėte*, "ingefaa m-": *turėtumėte prisidengti pečius*. Mgeni haambiwi amekosa, anaelekezwa. Na shikilia *jūs* na maumbo ya *-te* hata kwa mtu mmoja, mpaka mwenyewe akukaribishe kwenye *tu*. Walithuania humheshimu mtu mzima kwa wingi, kama wengi wa majirani zao.

Kuna maneno mengine ya jirani, kila moja na mahali pake. *Privalote* ni wajibu wa sheria au wa kazi, unafaa kwenye mabango. *Jums reikia* ni "mnahitaji", wa upole zaidi. Kosa la kuepuka ni la kukanusha. Ukitaka kusema "si lazima mlipe", usiseme *neturite mokėti*, maana inaweza kusikika kama "hampaswi kulipa". Sema *nereikia mokėti*. Ukitaka kukataza moja kwa moja, *negalima*: *čia maudytis negalima*, hapa hapaogelewi. Penye mkondo mkali hatuoni haja ya kulainisha zaidi ya hapo.

Kuhusu "inakuwaje", ushahidi wake ni wa kale. Kiprusi cha kale, lugha ya Kibalti iliyozimika mwanzoni mwa karne ya 18, kilichapishiwa katekisimu, kitabu cha mafunzo ya dini ya Kikristo, mjini Königsberg mwaka 1545. Humo Amri Kumi zinaagiza kwa neno *tur*, "utapaswa", kutoka mzizi huuhuu, na kitenzi chao cha "kuwa na" nacho ni *turrītwei*. Basi kumiliki na kupaswa vilikuwa nyumba moja hata kabla ya kitabu cha kwanza cha Kilithuania, katekisimu ya Martynas Mažvydas, kilichotoka mji uleule miaka miwili baadaye, mwaka 1547. Njia ya maana si ngumu: nina kazi ya kufanya, kazi imenishika, sina pa kwenda.

Tena tusiwashangae, maana Kiswahili kimefanya hivyohivyo kwa maneno yaliyotoka Uarabuni. "Lazima" inatokana na mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kuambatana na kitu, kukiganda kisikuachie. "Sina budi" ni *budd*, njia ya kukwepa: sina pa kukwepea.

Kisha kuna *turbūt*. Utalisikia kila siku na maana yake ni "pengine". Ni *turi būti* lililobanwa, "lazima iwe". *Jis turi būti namie*, bila shaka yuko nyumbani. *Jis turbūt namie*, pengine yuko nyumbani. Neno la ulazima limelegea likawa la kukisia. Na hapa tunaomba wasomaji wetu wasimame kidogo: "labda" yetu ni Kiarabu *lā budda*, "hapana budi", neno la uhakika mtupu, nasi tumelilegeza mpaka mtu akikwambia "labda nitakuja" unajua usimpikie. Lugha mbili zisizojuana, moja pwani ya Baltiki na moja pwani yetu, zimeteremka ngazi ileile. Anayetaka kuelewa *turbūt* asihangaike na vitabu, asikilize "labda" tu.

Mwalimu mwenzangu wa skuli anasisitiza kwamba *turtas*, mali, na *turtingas*, tajiri, ni ndugu na "tajiri" yetu. Mwingine anaongeza *turgus*, soko, na *turistas*. Tumalizieni ubishi.
*Mwalimu, Wete*

Mwalimu, mawili tu kati ya yote hayo ndiyo ya ukoo wa *turėti*. *Turtas* kweli ni mtoto wa *turėti*: kile mtu alichonacho. *Turtingas* ni mwenye *turtas*. Lakini udugu na "tajiri" yetu haupo.

"Tajiri" ni Kiarabu *tājir*, mfanyabiashara, na herufi zake za mzizi ni t, j, r. Kufanana ni bahati tu. *Turgus* limeingia kutoka lugha za Kislavoni, ambako *torg* ni biashara, na halimhusu *turėti* kwa lolote. *Turistas* ni mgeni zaidi. Limezunguka Ulaya yote kutoka Kifaransa *tour*, mzunguko, ambalo asili yake ni chombo cha kuchongea kinachozunguka. Ukitaka kujua kama neno ni la ukoo, usiangalie herufi za mwanzo peke yake. Angalia kama kiambishi kilichobaki kinafanya kazi mahali pengine katika lugha hiyo. *-tas* na *-ingas* zinafanya. *-gus* ya *turgus* haikupachikwa na Walithuania.

Nyongeza ndogo kwa wapenda vitabu: ukurasa wa mwanzo au wa mwisho wa kitabu cha Kilithuania utaona *Turinys*. Ni "Yaliyomo", nalo ni la ukoo.

Nilimwambia mgeni *turiu dvidešimt metų*, nina miaka ishirini. Akanielewa lakini akanisahihisha. Je, "nina" ya Kiswahili siwezi kuigeuza *turiu* kila mahali?
*Msichana wa mapokezi, Jambiani*

Huwezi, dada, na hili ndilo kosa la kwanza la Mswahili. "Nina" yetu inabeba vitu, watu, umri, njaa, usingizi, hata furaha. *Turėti* hubeba vitu na watu, na hayo mengine huyaachia wengine.

Umri husemwa kwa umbo la kupokea: *man dvidešimt metų*, "kwangu miaka ishirini". Njaa: *esu alkana* kwa mwanamke, *alkanas* kwa mwanamme, au kwa wepesi *noriu valgyti*, nataka kula. Kiu: *noriu gerti*. Usingizi: *noriu miego*. Haraka ni kitenzi chake, *skubu*. Joto na baridi: *man karšta, man šalta*. Kichwa kinauma: *man skauda galvą*. Homa pekee inarudi kwa *turėti*, *turiu temperatūros*, na unaona umilikishi wa kiasi umejitokeza tena.

Familia ni ya *turėti* bila shida, na wageni hupenda kuulizwa: *kiek turite vaikų?*, mna watoto wangapi? Atakujibu *turiu du vaikus*, ninao wawili, au *neturiu vaikų*. Na sentensi utakayoitumia kuliko zote msimu ukishika: *laisvų kambarių neturime*, vyumba vitupu hatuna.

Herufi hizi za mikia na nukta nazipata wapi kwenye simu, na kamusi gani ya kuaminika?
*Msomaji, Mkoani*

Bonyeza herufi *e* bila kuiachia, simu nyingi zitakuonyesha *ė* na *ę*. Ukiongeza kibodi ya Kilithuania kwenye mipangilio, utazipata kwa wepesi zaidi. Ujumbe ulioandikwa *tureti* bila nukta unaeleweka. Kwenye bango la hoteli usithubutu. Kamusi kuu ni *Lietuvių kalbos žodynas*, mijalada 20 iliyotoka baina ya mwaka 1941 na 2002, na sasa inasomwa bure mtandaoni. Imeandikwa kwa Kilithuania kitupu, kwa hiyo mwenye kuanza ataitumia kutazamia maumbo matatu ya kitenzi na mkazo, maana zenyewe azitafute kwanza katika kamusi ndogo ya Kiingereza.